Pumzi ya Usiku na Daftari la Maradhi: Historia ya Majina na Namba za Ugonjwa katika Bukoba na Muleba

Tangu tawala za dunia zilipoanza kuhesabu wagonjwa na maiti wao, zimewahesabu kwa majina ya maradhi. Na ugonjwa usio na jina katika daftari la tabibu, hata ukiwa umeenea mji mzima, hauna fungu katika bajeti, hauna dawa katika bohari, wala hauna mtaalamu aliyesomeshwa kwa ajili yake. Nchi ya Bukoba na Muleba, iliyo magharibi mwa Ziwa Viktoria, imeionja kanuni hii mara nyingi kuliko sehemu nyingi za Afrika Mashariki, kwa kuwa imepata kupitiwa na tauni, malale, kicheko cha ajabu cha mwaka 1962, ukimwi na homa ya Marburg, na kila mara watu waliteseka kwanza, jina likafuata baadaye. Leo yako maradhi mengine, yasiyoambukiza wala yasiyotisha kwa sura, ambayo yangali yakisubiri zamu yake katika daftari: nayo ni yale ya pumzi isitayo usingizini, ambayo jirani huyaita kukoroma tu, na tabibu mwenye haraka huyapita bila kuyaandika. Ili tujue yanasubiri nini, hatuna budi kurudi nyuma na kutazama jinsi maradhi yanavyopata jina, na jinsi jina linavyopata namba.

Asili ya orodha ya maradhi ni vifo. Mwaka 1662 John Graunt, mfanya biashara wa London, alizichukua karatasi za kila juma zilizotangaza waliokufa katika parokia za mji ule, akazipanga na kuzijumlisha, akabainisha kwamba mauti, ambayo kila mtu huyaona kuwa ni msiba wake peke yake, yana mwenendo unaoweza kusomwa na wote. Katika karne ya kumi na tisa William Farr, bingwa wa takwimu katika ofisi ya usajili ya Uingereza, alisikitika kuona kwamba ugonjwa mmoja uliitwa kwa majina matatu au manne, na jina moja lilitwikwa magonjwa mbalimbali, hata hesabu zikakosa maana. Mwaka 1893 mjini Chicago, Jacques Bertillon, mkuu wa takwimu wa mji wa Paris, aliwaletea wanachuoni wenzake orodha ya sababu za vifo iliyokubaliwa na mataifa mengi; na mwaka 1900 wajumbe wa nchi 26 walikutana Paris kuirekebisha kwa mara ya kwanza. Toka hapo ikawa desturi kuirekebisha kila baada ya miaka kumi hivi, na mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani, lililokuwa limezaliwa mwaka huohuo, lilichukua dhamana ya marekebisho ya sita, ambayo kwa mara ya kwanza yaliwaingiza walio hai pamoja na waliokufa. Badiliko hilo lina uzito kwa habari yetu, maana mtu ambaye pumzi yake husita usiku aghalabu hafi kwa jina la ugonjwa huo: hufa kwa moyo, kwa kiharusi, au kwa ajali ya barabarani, na kama orodha ingalibaki ya vifo vitupu, maradhi yake yasingalionekana kamwe.

Wakati orodha ya Bertillon ikiwa changa, nchi ya Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, ambayo zama za Wajerumani ilikuwa chini ya boma la Bukoba, ilikuwa ikifa kwa maradhi ambayo wenyeji waliyaita rubwunga. Wao waliyajua vyema: waliijua homa yake, waliyajua matezi yake yaliyovimba kinenani na kwapani, na waliwajua panya waliokufa kabla ya watu. Mwaka 1897 daktari Zupitza alipelekwa huko, akarudi na vielelezo, naye Robert Koch, aliyekuwa Dar es Salaam wakati ule, akavichunguza na kuthibitisha kwamba rubwunga ya Kiziba ndiyo tauni ileile iliyokuwa ikiua watu wa Bombay na Hong Kong. Hivyo maradhi yaliyojulikana kwa jina lake la nyumbani kwa muda mrefu yaliingia katika vitabu vya dunia kwa jina jipya, na jina lilipoingia, fedha na maafisa wakalifuata.

Miaka michache baadaye ukaja msiba mkubwa zaidi. Kuanzia mwaka 1900 hivi malale iliwaangamiza watu wa pwani na visiwa vya ziwa upande wa Uganda, ambako hukadiriwa kuwa waliokufa katika miaka ishirini walizidi 200,000. Huko Entebbe, Aldo Castellani alikiona kijidudu chake katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa mwaka 1902, na mwaka uliofuata David Bruce akamtaja mbung'o kuwa ndiye mchukuzi. Koch alirudi Afrika mwaka 1906, akapiga kambi katika visiwa vya Sese. Na kwa kuwa Waziba wengi walikuwa wakivuka mpaka kutafuta kazi Uganda na kurudi nyumbani na ugonjwa, Wajerumani walifungua kambi ya malale Kigarama, katika Kiziba ya mfalme wake, Mukama Mutahangarwa, chini ya daktari Robert Kudicke. Dawa ilikuwa atoxyl, yenye arseniki ndani yake, ambayo iliwapa baadhi ya wagonjwa nafuu na kuwapokonya wengine nuru ya macho. Lakini jambo la kukumbukwa zaidi kwa muradi wetu ni njia waliyoitumia kumtambua mgonjwa: walifundishwa watu wa nchi, wakapita vijijini wakipapasa shingo za raia kwa vidole, wakitafuta tezi zilizovimba, na aliyekutwa nazo alipelekwa kambini kupimwa. Hadubini ilikuwa kambini, bali ugunduzi ulianza kwa mkono wa mtu asiye daktari, aliyejua alichokuwa akikitafuta. Na tangu zama hizo, kwa miongo mingi, ugonjwa wowote uliohusu usingizi katika nchi za ziwa ulikuwa na maana moja tu, nayo ilikuwa malale.

Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961, na kabla ya miezi miwili kutimia, tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni huko Kashasha, ambayo leo imo katika wilaya ya Muleba, wasichana watatu walianza kucheka na hawakuweza kujizuia. Kicheko kiliwaingia wenzao, kikachanganyika na kilio na mahangaiko, kikawa kinaondoka na kurudi. Mwingine alishikwa kwa saa chache, mwingine kwa siku nyingi hata kufikia kumi na sita. Kati ya wanafunzi 159 walishikwa 95, walimu wasiguswe hata mmoja, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporejea makwao walirejea na ugonjwa: huko Nshamba, ambako baadhi yao walitoka, watu 217, wengi wao vijana, walishikwa katika miezi ya Aprili na Mei. Shule ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, ikafungwa tena kabla ya mwezi Juni kwisha. Na katika mwezi huohuo wa Juni shule ya kati ya wasichana ya Rwamishenye, pembeni mwa mji wa Bukoba, ambayo taarifa ya madaktari iliandika jina lake Ramashenye, nayo ilipatwa: wasichana 48 kati ya 154 walishikwa, shule ikafungwa, na mmoja wao alipofika kijijini kwao jamaa zake nao wakashikwa.

Waliokabidhiwa jukumu la kuyafahamu maradhi haya walikuwa A. M. Rankin, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Makerere, na P. J. Philip, mganga wa serikali katika wilaya ya Bukoba. Walipima damu, walichunguza maji ya uti wa mgongo, walitazama chakula wakihofia sumu, wala hawakuona kijidudu wala sumu yoyote. Wahaya waliuita ugonjwa wa kucheka, na baadhi yao wakauita wazimu. Madaktari, baada ya kukosa sababu katika mwili, waliuweka katika fungu la maradhi ya nafsi yanayoenea kwa umati, wakachapisha taarifa yao mwaka 1963 katika jarida la utabibu la Afrika ya Kati. Watu wengi duniani wamekisimulia kisa hiki kama kichekesho, na kwa kufanya hivyo wamewadhulumu wasichana wale, ambao hawakuwa wakifurahi bali walikuwa wakiteseka. Kwa mwanahistoria wa daftari la maradhi, ubora wa taarifa ya Rankin na Philip ni kwamba wao, wakiwa hawana kipimo cha kuwapa jibu, hawakuliacha daftari wazi: waliandika tarehe, waliandika idadi, waliandika nani alishikwa na nani alisalimika, na kwa kuandika hivyo wakayafanya maradhi yasiyo na kijidudu yawe habari ya kweli ambayo mtu yeyote, hata baada ya miaka sitini, aweza kuipima kwa akili yake. Lau wangalingoja mpaka maabara iseme, Rwamishenye isingalikuwa na mstari hata mmoja katika kumbukumbu za utabibu.

Katika miaka ileile, mbali na ziwa letu, maradhi ya pumzi ya usiku yalikuwa yakianza safari yake ya kutafuta jina. Mwaka 1956 C. Sidney Burwell na wenzake wa Boston walieleza habari ya mfanya biashara mnene aliyekuwa akisinzia mchana kutwa, hata akalala akiwa na karata mkononi. Wakauita ugonjwa wake kwa jina la riwaya ya Charles Dickens ya miaka ya 1836 na 1837, ambamo yumo kijana mnene asinziaye kila wakati. Jina lilipatikana, ila sababu ilikosewa: walidhani kusinzia kwake kulitokana na hewa chafu iliyojaa katika damu, wasitambue yanayotokea kooni usiku. Mwaka 1965 makundi mawili ya wataalamu, Henri Gastaut na wenzake huko Marseille, na Richard Jung na Wolfgang Kuhlo huko Freiburg, waliwapima wagonjwa wa namna hii wakiwa wamelala, wakaona kwamba pumzi zao zilikuwa zikikatika mara kwa mara na kuanza tena. Kumbe kilichokuwa kikimchosha mgonjwa mchana ni kwamba usiku hakulala sawasawa: misuli ya koo ililegea, njia ya hewa ikaziba, damu ikapungukiwa na oksijeni, ubongo ukashtuka ukamwamsha bila yeye kujua, akavuta pumzi moja kubwa kwa kishindo, akalala tena ili azibwe tena. Mwaka 1976 Christian Guilleminault na wenzake wa Stanford walikusanya alama hizi zote chini ya jina moja na kuweka kiasi: pumzi ikisita kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa mara moja. Katika vipimo vya sasa, kusita na kupungua kwa pumzi kukifika mara 5 kwa saa ugonjwa umeingia, mara 15 ni wa kadiri, na kuanzia mara 30 ni mkali.

Hapo awali tiba ilikuwa nzito, kwani iliwabidi madaktari watoboe koo la mgonjwa ili hewa ipite chini ya mahali palipozibwa. Mwaka 1981 Colin Sullivan wa Sydney alitangaza njia nyepesi iliyoushangaza ulimwengu wa tiba: mashine isukumayo hewa puani usiku kucha, na kwa nguvu yake ndogo huiweka njia wazi. Hata hivyo wengi walidhani kwamba maradhi haya ni ya wachache, mpaka Terry Young na wenzake walipowapima wafanyakazi wa jimbo la Wisconsin na kutangaza mwaka 1993 kwamba mwanamume mmoja katika kila wanne hivi, na mwanamke mmoja katika kila kumi na mmoja, alifikia kile kiasi cha kusita mara 5 kwa saa, na aghalabu hakuwa akijua. Mwaka 2019 wataalamu walikadiria kwamba watu wazima wa umri wa miaka 30 hadi 69 walio katika hali hii duniani kote ni takriban milioni 936.

Turudi Kagera, mkoa wenye Bukoba na Muleba, maana mwaka 1983, Sullivan akiwa ameanza kuwapa wagonjwa wake mashine za hewa, wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu. Kabla madaktari hawajaafikiana juu ya jina, raia walikuwa wameupa ugonjwa ule jina la Juliana, kwa kuwa hivyo ndivyo kilivyoitwa kitambaa kilicholetwa na wafanya biashara wa magendo kutoka Uganda, na vijana wa biashara hiyo walikuwa miongoni mwa waliotangulia kukonda na kufa. Marekebisho ya tisa ya orodha ya dunia, yaliyopitishwa mwaka 1975, yalikuwa yamefungwa kabla ugonjwa huo haujajulikana, basi hapakuwa na namba yake, na daktari wa Kagera aliyeuona kwa macho alilazimika kuugawa vipande vipande: huyu kifua kikuu, yule kuhara, yule homa isiyo na sababu. Kadhalika kipimo cha damu hakikuwepo katika hospitali nyingi za Afrika. Ndipo mwezi Oktoba 1985 wataalamu walipokutana Bangui chini ya Shirika la Afya Duniani na kuweka kanuni ya kuutambua ugonjwa kwa dalili kubwa na dalili ndogo, bila maabara, ili nchi maskini zisisubiri mashine ndipo zianze kuhesabu wafu wao. Kanuni ile haikuwa kamilifu, bali ilifungua daftari. Na uchunguzi wa mwaka 1987 ulipoonyesha kwamba watu wazima 24 katika kila 100 wa mji wa Bukoba walikuwa na virusi, hakuna aliyeweza tena kusema kwamba ni uzushi wa mitaani. Kufikia mwaka 1996 sehemu ile ilikuwa imeshuka hadi 13 katika kila 100.

Marekebisho ya kumi ya orodha yaliidhinishwa mwezi Mei 1990, na humo ukimwi ulipewa nafasi yake, kuanzia B20 hadi B24. Maradhi ya pumzi ya usiku nayo yaliingia, lakini yaliingia yakiwa yametawanyika kama watoto wa ukoo mmoja waliogawanywa kwa walezi wasiojuana. Kusita kwa pumzi usingizini kuliwekwa G47.3, katika sura ya maradhi ya mishipa ya fahamu. Ule ugonjwa wa Burwell ukawekwa E66.2, katika sura ya unene na lishe; kusita kwa pumzi ya mtoto mchanga kukawekwa P28.3, kukoroma kulikoandikwa kama dalili tu kukawekwa R06.5, pamoja na kupumua kwa mdomo. Na kuvimba kwa nyama za pua na mafindo, ambako ndiko sababu kubwa ya watoto kukoroma na kukabwa usiku, kukawekwa J35. Hata matatizo mengine ya usingizi yaligawanywa baina ya maradhi ya akili katika F51 na maradhi ya mwili katika G47, ilhali malale, yenye jina la usingizi pia, ilikaa mbali nao wote katika B56, miongoni mwa maradhi ya vijidudu. Wamarekani, waliokuwa bado wakitumia namna yao ya marekebisho ya tisa, walikuwa wakiiandika pumzi isitayo miongoni mwa dalili za jumla katika fungu la 780.5, mpaka mwezi Oktoba 2005 walipoitengea fungu lake la 327.2.

Mtu asiyefanya kazi hii aweza kudhani kwamba ni mchezo wa makarani, walakini sivyo. Namba ndiyo inayomwambia mlipaji wa bima alipe nini, ndiyo inayomwambia waziri ni wangapi, na ndiyo inayomwezesha daktari wa Bukoba na daktari wa Sydney kujua kwamba wanazungumza habari ya ugonjwa mmoja. Waliotengeneza marekebisho ya kumi na moja walilifahamu hilo, wakaukusanya ukoo uliotawanyika na kuupa sura yake, ya saba, inayohusu usingizi na kuwa macho peke yake. Humo 7A40 ni kusita kwa pumzi kunakotokana na ubongo kutotoa amri ya kupumua, 7A41 ni kule kunakotokana na koo kuziba, na 7A42 ni kupungua kwa hewa au oksijeni usingizini. Orodha hiyo ilipitishwa Geneva mwezi Mei 2019 na kuanza nguvu yake tarehe 1 Januari 2022.

Sasa tutazame daftari la hapa kwetu. Kituo cha afya cha Tanzania huandika wagonjwa wake katika vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya uliopo tangu miaka ya 1990: wagonjwa wa nje huandikwa katika kitabu namba 5, waliolazwa katika kitabu namba 14, na mwisho wa mwezi hesabu hukusanywa na kupelekwa wilayani, mkoani na wizarani. Orodha ya vitabu hivyo ni fupi, na ufupi wake una sababu njema, kwa kuwa muuguzi mmoja mwenye foleni ya wagonjwa hawezi kupekua maelfu ya namba. Katika orodha hiyo malaria ina mstari wake, presha ina mstari wake, kisukari na pumu vina mistari yao; na yale yasiyo na mstari hutiwa katika magonjwa mengine. Kwa upande mwingine Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, hutaka katika fomu ya madai utambuzi wa ugonjwa kwa namba yake. Na kwa kuwa Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, idadi ya watu ambao maradhi yao yatageuzwa namba haina budi kukua.

Mgonjwa wa pumzi ya usiku hupita wapi katika mfumo huo? Tufuate njia ya mtu wa aina hii popote mkoani. Ni mtu mzima, shingo yake ni nene, presha yake haishuki ijapokuwa anameza dawa mbili au tatu. Asubuhi huamka na kichwa kizito, mchana husinzia kanisani, kikaoni, na, lililo la hatari kuliko yote, nyuma ya usukani. Akifika hospitali huulizwa habari ya kichwa, hupimwa presha, huandikiwa I10, ambayo ni namba ya presha, akarudi nyumbani. Shahidi wa kweli wa maradhi yake ni mkewe, ambaye usiku huhesabu kimya chake na kumsukuma ubavuni ili avute pumzi, naye hakuulizwa. Mtoto mwenye nyama za pua yuko katika hali ya kuhuzunisha zaidi, maana hukoroma, hulala mdomo wazi, hupata tabu kumfuata mwalimu darasani, na wazazi wake, wakiwa na nia njema kabisa, huambiwa kwamba ni kimeo, wakampeleka kukatwa kwa wembe mahali pasipo na usafi, ambako wengine wametoka na damu isiyokoma na wengine na maambukizo, na zile nyama zilizomziba zikabaki palepale. Mtoto mwenye selimundu ni wa tatu, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zenye selimundu nyingi: watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Kilifi wamepima oksijeni ya watoto hawa walipokuwa wamelala, wakitumia kifaa kidogo kibanwacho kidoleni, wakadhihirisha kwamba usiku wa mgonjwa waweza kusomwa hata pasipo chumba cha gharama kubwa cha kupimia usingizi.

Iko hoja ambayo madaktari wengi huitoa, nayo ina uzito: kwamba mashine ya kupima usingizi usiku kucha ni adimu katika Afrika Mashariki, na mashine ya kusukuma hewa ni ghali, basi kuna faida gani ya kuandika ugonjwa usioweza kuthibitishwa wala kutibiwa? Historia niliyoisimulia ndiyo jibu. Wapapasaji wa shingo wa Kiziba walianza kwa vidole. Rankin na Philip waliandika bila kijidudu. Bangui ilihesabu bila maabara. Na mwaka 2023, katika kata za Maruku na Kanyangereko za wilaya ya Bukoba, ugonjwa uliotangazwa kwanza kuwa haujulikani uliandikwa, watu wake wakafuatiliwa mmoja mmoja, na tarehe 21 Machi ukatajwa rasmi kuwa ni Marburg. Watu 9 waliugua na 6 wakafa, mmoja wao mhudumu wa afya, lakini tarehe 2 Juni ulitangazwa kuwa umekwisha, na haukuvuka mkoa. Maradhi yaliyoandikwa mapema yalizuiwa mapema.

Pumzi isitayo usingizini haitaleta helikopta wala wataalamu wa mataifa, kwa sababu haiui mara moja wala haiambukizi, bali huuchakaza moyo mwaka hadi mwaka na kumlaza dereva kwa nukta chache tu zinazotosha kumaliza uhai wa abiria. Kwa hiyo haina wa kuitetea isipokuwa tabibu anayeuliza na karani anayeandika. Maswali yake hayagharimu shilingi: je, unakoroma kwa sauti ipenyayo mlango, je, yupo aliyekuona pumzi ikikatika, je, unaamka ukiwa umechoka, je, presha yako haitulii? Mwenye kujibu ndiyo, hata kama kipimo hakipo, ana namba yake halali katika marekebisho ya kumi, R06.5, ya kukoroma, ambayo haidai ushahidi zaidi ya masikio ya aliyelala naye; na mtoto mwenye nyama za pua anayo J35, na upasuaji wake unafanyika katika hospitali kubwa za nchi hii. G47.3 na ingoje kipimo, maana si haki kuiandika kwa kukisia. Lakini dalili isingoje.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba hospitali na zahanati za Bukoba na Muleba, zilizokwisha kuufundisha ulimwengu mara kadhaa jinsi maradhi mageni yanavyoandikwa, zina wajibu wa kuandika na haya yaliyozoeleka. Ewe tabibu uliye Ndolage, Rubya, Kagondo au katika hospitali ya mkoa, muulize mgonjwa wako wa presha habari za usiku wake, na umruhusu mkewe ajibu. Nawe mzazi, usimpeleke mtoto akoromaye kwa mkata kimeo kabla ya kumwonyesha kwa daktari wa pua na koo. Nawe karani wa takwimu, unapokuta dalili imeandikwa, ipe namba yake, usiitupe katika magonjwa mengine. Wizara haiwezi kununua mashine kwa ajili ya wagonjwa ambao haijawaona katika hesabu zake.